Dodoso la Saba

Imekuja tena bahasha ya chuo kikuu,
kila baada ya miaka mitano, haikosi.
Namba yangu ni ileile: mia nne na tisa, A.
Ya ndugu yangu: mia nne na tisa, B.
Herufi moja, basi, ndiyo tofauti yetu
tangu mama Lempi alipotuzaa, pacha wa yai moja,
mimi Kulwa kwa dakika kumi na moja,
Oiva Doto.

Swali la kwanza: Je, wewe ni mwepesi wa hasira?
Kamwe. Mara chache. Mara nyingi.
Natia alama kwenye mara nyingi, kalamu inatoboa karatasi.
Hasira hii naijua ilikotoka:
ni ya baba, aliyelipiga teke trekta akavunjika kidole,
na ya baba yake, ambaye sikumwona
ila pichani, taya limekazwa
kana kwamba mpiga picha ana deni lake.
Taya hilo ninalo. Oiva analo.
Tunanyoa ndevu katika miji miwili,
mimi Kuopio, yeye Turku, safari ya nusu siku kwa treni,
na sote hujikata palepale, chini ya sikio la kushoto.

Swali la tisa: Je, hupenda kuwa na watu?
Hapa ndipo tunapoachana.

Tulikuwa na miaka minne. Homa nyekundu
ilipita Iisalmi ikichagua milango.
Tulilala kitanda kimoja, tulilamba kijiko kimoja,
na homa ikanyoosha kidole: huyu.
Wiki sita katika wodi ya kutengwa, nyuma ya kioo.
Amri ilikuwa mama apunge mkono tu,
asilie: mtoto mmoja akiona chozi, wodi nzima hailali.
Nilibebwa nikamwone.
Nikaweka kiganja kwenye kioo, naye akaweka chake,
nami nikadhani ni kioo cha kujitazamia,
mpaka yule wa ndani alipogeuka
akaenda zake,
na mimi bado nimesimama.

Aliporudi hakugombana tena.
Aliomba ruhusa ya kunywa maji.
Mlango ukifungwa usiku, aliamka akaufungua,
na hadi leo, Sirkka mkewe ananiambia,
bafu lao halina komeo.
Mimi niliyebaki, niliyepewa kitanda kizima
na uji wa watu wawili,
nilikua nikidhani dunia ni ya kugongewa meza.

Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, husemwa.
Sawa. Nani alimlea wiki zile sita?
Mama, kwa mkono uliopunga?
Muuguzi aliyekuwa na viatu visivyolia?
Chuo kinataka hesabu: sehemu ngapi damu,
sehemu ngapi malezi, ngapi bahati mbaya.
Siwalaumu. Wanalipa stempu.

Jana nilimpigia simu.
Swali la tisa umejibuje?
Akanyamaza, kama kawaida yake,
kimya chenye adabu, kimya cha mtu anayeomba maji.
Nikamkumbusha kioo. Nikamwambia, nawe uligeuka.
Akasema, "Hapana.
Mimi nilibaki pale hadi taa zikazimwa.
Wewe ndiye uliyegeuka."

Hasira ikanipanda, ya baba, ya babu,
miaka sabini ya kukumbuka vizuri ikasimama kooni.
Nikavuta pumzi ili nipige kelele,
na upande wa pili wa waya nikasikia
mtu akivuta pumzi ileile,
kwa kina kilekile, na mkwaruzo uleule mwishoni,
taya lake, bila shaka, limekazwa.
Akaishikilia.
Kisha akaiachia polepole, polepole,
kama mtoto anayefungua mlango usiku
asiamshe wodi.